Ruhusa ya kujenga itoke mbio, lakini kwa wote

Kila mutu anayepita mu mitaa mipya ya Lubumbashi, ya Likasi ao ya Kolwezi ameisha kuona ule musalaba mwekundu ku ukuta wa nyumba isiyokwisha. Pembeni wameandika kwa rangi: « À démolir », ao « Arrêt des travaux ». Matofali iko pale, muchanga iko pale, majani inaanza kuota juu ya fondation. Mwenye nyumba haiko. Ameenda kutafuta karatasi moja: ruhusa ya kujenga, ile ku biro wanaita autorisation de bâtir.

Mara nyingi mwenye nyumba ile ni mwenzetu wa mine. Amefanya kazi miaka makumi mawili ao makumi matatu, amepokea décompte final, amerudi kwa bibi yake na kusema: sasa tujenge, tutoke mu nyumba ya kulipia. Lakini décompte haingoje. Minerval ya watoto inaikata, ugonjwa unaikata, kilio mu jamaa kinaikata, bei ya simenti nayo inapanda. Na mbingu pia haingoje. Mutu akipeleka dosie mu mwezi wa saba, jibu likitoka mu mwezi wa kumi na mbili, mvua imeisha kuanguka miezi miwili na matofali mabichi imerudi udongo.

Basi mutu anafanya nini? Kuko njia mbili. Ya kwanza: anajenga bila karatasi, usiku na siku ya mungu, akisema nitatengeneza kisha. Ndiyo huyu anapata musalaba mwekundu. Ya pili: anafuatwa na mutu ku mulango wa biro, anaambiwa polepole: « Baba, ukitaka itoke hii juma, tusikilizane. » Anatoa matabishi, na karatasi inatoka.

Hapa ndipo tunataka kusema wazi. Ruhusa ya mbio mu mikini yetu si neno la kuota. Iko tayari leo. Lakini inauzwa. Anayeipata ni mwenye feza nyingi na mwenye ndugu ku biro. Sisi hatuombe Leta ivumbue kitu kipya. Tunaomba mbio ile itoke chini ya meza, iwekwe juu ya meza, na iwe ya kila mutu anayejenga nyumba ndogo kwa njia ya haki.

Tukumbuke tulitoka wapi. Wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, nyumba ilitoka ku kampuni. Mufanyakazi alipewa nyumba mu kamp, pamoja na maji na hopitali; hakujua hata mulango wa biro ya urbanisme. Kisha kampuni ilianguka. Mu miaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka ku kazi kwa njia ya « départs volontaires », kila mutu na bahasha yake. Leo kampuni nyingi zinalipa mushahara, na mambo ya lupango unajitafutia mwenyewe. Kazi ya kampuni imekuwa kazi ya baba na mama wa nyumba, lakini mabiro hayakubadilika ili kuwapokea.

Tukumbushane na sheria. Kwa sheria nambari 73-021 ya 20 Julai 1973, udongo wote wa Congo ni mali ya Leta. Mutu hanunue udongo, anapewa haki ya kuutumia. Kwa kawaida anaanza na contrat de location ya miaka 3, na mu wakati ule anapaswa kuonyesha kama amejenga. Mise en valeur ikionekana, Mukongomani anaweza kupewa concession perpétuelle, na certificat d'enregistrement ndiyo inahakikisha haki yake. Sasa muangalie vizuri: Leta inamuhesabia mutu miaka ya kujenga. Ni haki vilevile mutu naye aihesabie Leta siku za kujibu. Haifai mwenye lupango aambiwe « jenga mbio, ao tutaitwaa », na wakati uleule aambiwe « rudi juma ijayo » mara kumi.

Kwetu sisi watu wa udongo wa shaba na kobalti, kuko neno lingine tena. Code minier ya 2002, ku article 279, ilisema mwenye haki ya kuchimba hawezi kukalia udongo ulio mbali na nyumba chini ya metre 180, pasipo mwenye nyumba ao mukaaji wa haki kukubali. Shikeni neno lile: mukaaji wa haki. Mutu asiye na karatasi atajitetea na nini? Watu wa Kolwezi wanajua hadisi ya Kasulo. Mu 2014 kobalti ilipatikana chini ya lupango, watu wakachimba hata mu vyumba vya kulala. Mu 2017 province ya Lualaba ilihamisha wenyeji wa sehemu ile, fasi ikazungushwa ukuta, kampuni moja ya Wachina ikapewa kununua mawe yake. Fasi yoyote watu wanapohamishwa, swali la kwanza ni lile lile: mukanda wako uko wapi?

Wakubwa wengine wa mabiro watatujibu: haraka haraka haina baraka. Watasema nyumba inataka kuangaliwa, isijengwe ku lit ya mutoni, ao chini ya kamba kubwa za courant, ao juu ya concession ya wengine. Wana haki, na sisi pia hatutaki nyumba ianguke juu ya watoto. Lakini kukawisha si kuangalia. Dosie inayolala miezi mitano mu armoire haiangaliwe na mutu. Na ile iliyotoka siku mbili kwa matabishi haikuangaliwa pia.

Basi sisi tunaomba mambo mane, na hakuna hata moja linalotaka feza nyingi.

La kwanza: komini ziwe na plan chache za nyumba ndogo ya chini, ya vyumba viwili ao vitatu, ambazo fundi wa Leta amekwisha kuzikubali. Anayechagua moja ya zile, mu lotissement inayojulikana, asingoje plan ipimwe upya. Waende tu kuona lupango. Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Katuba wanakumbuka « système Grévisse » ya miaka ya 1950: utawala ulikopesha wenyeji, nao wakasimamisha nyumba zao chini ya uangalizi wake. Ulikuwa wakati wa ukoloni, na mabaya yake tunayajua. Lakini kama mukoloni aliweza kupangia mufanyakazi nyumba, Leta yetu wenyewe ishindwe juu ya nini?

La pili: kila anayepeleka dosie apewe accusé de réception yenye tarehe mbili, siku ilipopokelewa na siku jibu litatoka. Kama kuna karatasi inayokosekana, aambiwe siku ileile, kwa maandiko.

La tatu: bei zote zibandikwe ku ukuta wa biro, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Malipo yapitie note de perception na banki, yasipitie mu mikono.

La ine: wa urbanisme na wa cadastre waende ku lupango siku moja, pamoja. Leo kila mutu anakuja siku yake, na kila mutu anaomba transport yake.

Lakini hatutapiga vidole ku Leta peke yake. Nasi pia tuko na makosa, na wacha tuambiane kama ndugu.

Wengi wetu tunaanza kuwaza karatasi siku feza inafika. Hapo tumekawia. Anza ungali ku kazi, miaka miwili ao mitatu mbele ya pension. Mushahara mudogo unatosha kulipa mupimaji na architecte kidogo kidogo. Siku décompte inafika, ikute ruhusa imeisha kutoka, ili feza yote iende ku matofali na manjanja.

Usinunue lupango kwa mukanda wa muuzaji na sinyatire ya chef peke yake. Ule mukanda unaonyesha kama ulilipa. Hauonyeshe kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Mbele ya kutoa hata franka moja, enda ku biro ya conservateur des titres immobiliers, uulize lupango lile limeandikwa kwa jina la nani. Ukiwa karibu na mine, uliza pia ku cadastre minier kama fasi ile iko mu concession ya kampuni. Ni afazali kupoteza siku mbili kwa kuuliza kuliko kupoteza kazi ya miaka makumi mawili.

Na mama wa nyumba ajue kila kitu. Tunasema hivi kwa uchungu, maana kazi ya mine tunaijua: asubuhi baba anatoka, magaribi pengine harudi. Wajane wangapi tumeona wakitolewa mu nyumba na ndugu za bwana, juu ya karatasi kukosa, ao juu ya karatasi kuwa mu malle ya shemeji? Kopi ya contrat, kopi ya ruhusa, bordereau ya banki: vyote viwe ku mukono wa mama, na mutoto mukubwa ajue vinalala wapi.

Nyumba ya mufanyakazi wa mine ndiyo pension yake ya kweli. Feza inakwisha, mwili unachoka, mapafu yanajaa vumbi. Ukuta na paa ndivyo vinabaki kwa watoto. Juu ya hii tunawaambia mabourgmestre wetu na wakubwa wa urbanisme, kwa heshima yote: mutuwekee njia moja, fupi, inayoonekana, ya bei inayojulikana. Tunangoja jibu lenu. Na tunaomba jibu lile nalo liwe na tarehe.