Moto wa Uluguru na maji ya Ruvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie moto unaowashwa kila kiangazi kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, upande wetu wa Kinole ukiwemo. Ardhi iliyoungua hainywi mvua. Maji huporomoka na udongo hadi mto Ruvu, kisha chemchemi hukauka mapema. Wapo watakaosema kosa ni la vuli kuchelewa, si la kiberiti, na watataja Oktoba 2022, Dar es Salaam ilipopata maji kwa mgawo kwa sababu Ruvu ilipungua mno. Kweli, ukame ule haukuletwa na mkulima wa mlimani. Lakini mvua zikiyumba hivi ndipo msitu unapohitajika zaidi, maana ndio unaozipokea na kuziachia polepole.

Wengine husema moto ni jembe la maskini. Nakubali, basi apewe jembe jingine: iliki hustawi kivulini bila kuchoma kitu, na jirani zetu wa Kibungo Juu waliwahi kulipwa kwa kutunza vyanzo vya maji, chini ya mradi wa mashirika ya CARE na WWF. Naiomba mamlaka ya maji itujibu gazetini: malipo hayo yatarudi lini, na Kinole tumo?

Msomaji wako,
Kinole, Morogoro