Nitumieni Namba, Asilimia Nimezisikia

East Ham, London
Desemba 2024

Wapendwa wangu wa Tanga,

 Baridi imeanza kuuma ila tumeizoea. Mwambieni Bi Mkubwa namwombea magoti yake kila swala.

Nawaandikia kwa sababu ya simu niliyompigia mdogo wangu tarehe 28 Novemba, siku moja baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Nilimuuliza mwenyekiti wetu nani, akanitajia. Kapata kura ngapi? "Kaka, kashinda." Najua kashinda, kwa kura ngapi, na wa pili ana ngapi? Kimya. Kisha akaniambia, "Wewe uko huko kwenye baridi yako, kura za mtaa wetu zitakusaidia nini?"

Neno hilo halijanitoka. Waziri wa TAMISEMI, Mheshimiwa Mchengerwa, alishaisomea nchi matokeo: CCM imechukua vijiji 12,150, asilimia 99.01, mitaa 4,213, asilimia 98.83. Nchi nzima imejumlishwa hadi desimali mbili, na mtaani kwetu hakuna anayejua namba hata moja! Yaliyotangulia mnayajua kuliko mimi, majina ya wagombea yaliyokatwa na fomu zao zilizorudishwa, sina haja ya kuyarudia. Ninachowagombeza ni kwamba mmekaa barazani na kahawa zenu, huyu anasema wameiba, yule anasema wapinzani hawana watu, na katika nyote hakuna aliyekwenda kuuliza hesabu.

Mei 2022 nilipiga kura ya udiwani hapa, katika halmashauri yetu ya Newham. Pasipoti yangu bado ni ya Tanzania, lakini Waingereza wanamruhusu raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kwao kihalali kuchagua madiwani. Tanga nilikozaliwa hainihesabu. Huku nisikokuwa na kaburi la ndugu hata mmoja wananihesabu. Nilikwenda jioni nikitoka kazini, nikaweka alama kwa penseli iliyofungwa kamba, nikarudi nyumbani.

Haikupita wiki, matokeo ya kata yangu yakawa kwenye tovuti ya halmashauri. Niliyasoma taratibu kama mtu anayesoma barua ya kwao. Kila mgombea na jina lake, chama chake, kura zake, mpaka wa mwisho kabisa. Chini yake kura zilizoharibika, nazo zimegawanywa kwa sababu: hizi hazina alama rasmi, hizi zimechagua watu kupita idadi, hizi mpiga kura kajitambulisha, hizi zimeachwa tupu au hazieleweki. Mtu kaharibu kura yake, hajulikani ni nani, na bado wameona anastahili kuelezwa imeharibikaje. Nilimkumbuka marehemu baba, aliyekuwa akiondoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya kura na kurudi na wino kidoleni, na hakuwahi kuambiwa kituo chake kilihesabu nini.

Wala msiniambie huku ni kwingine kwa kuwa vyama vinapokezana. Hapa Newham chama cha Labour kilichukua viti vyote 60 mwaka 2010, kikavichukua vyote 2014, kikavichukua vyote 2018. Mwaka 2022 viti vilikuwa 66, kikapata 64, na viwili vya Stratford Olympic Park vikaenda kwa Greens. Chama kimoja kimelala na kuamka na halmashauri miaka yote hiyo, na sijamsikia jirani akisema kura zimeibwa, kwa sababu mwenye shaka anafungua ukurasa na kujumlisha mwenyewe. Na namba zikiwa wazi, hata sare inakubalika: mwaka 2017 kule Northumberland, kata ya South Blyth, wagombea wawili walilingana kura, wakavuta vijiti. Aliyepata kifupi alikosa kiti, na chama chake kikakosa wingi wa baraza kwa kiti hicho kimoja.

Sisi Tanga, kumchagua meya baada ya uchaguzi wa 2015, tulikuwa na ukumbi mmoja tu wa madiwani wanaojuana kwa majina. CUF walikuwa wengi, meya akatangazwa wa CCM, na miezi ikateketea kwa mabishano huku mitaro ikijaa takataka. Nani kapata ngapi, mpaka leo mkiulizana mnagombana.

Na ninyi ni watu wa namba! Nani pale Ngamiani, aliyekuwapo Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi 1988, angekubali kuambiwa "tumeshinda" bila kutajiwa mabao na wafungaji? Samaki wa soko la Deep Sea hamwondoki nao bila kuhesabu fungu.

Mwakani Oktoba mnachagua madiwani. Fomu ya matokeo ya udiwani ipo, ile ya 21C, na nakala yake inatakiwa kubandikwa kituoni kura zikishahesabiwa. Mvua ikinyesha imekwenda. Nataka isiende. Halmashauri ina tovuti, iweke ukurasa mmoja wenye kila kata, kutoka Chongoleani hadi Tongoni, kituo kwa kituo, majina na kura na zilizoharibika, na ibaki hapo miaka yote mitano. Hii haihitaji katiba mpya wala mfadhili, kazi hiyo karani mmoja anaimaliza kwa siku chache. Wapelekeeni ombi kwa maandishi sasa, kabla ya joto la kampeni, wenye chama na wasio na chama, maana mshindi wa haki ndiye anayeihitaji zaidi karatasi hiyo. Na mitaa nayo ifuate. Wakikataa, zipigeni picha wenyewe fomu hizo usiku huohuo.

Najua mtakachosema: rahisi kwako, wewe huitwi ofisini, wewe hukosi barua ya mtendaji siku ukiihitaji. Kweli. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, nami niliondoka na sikurejea, hata baba alipozikwa niliangalia kwa simu. Sina la kujitetea. Kila mwezi natuma hela, na kila mwezi najua kwamba hela haisimami foleni badala yangu. Lakini kukaa kwangu mbali hakuifanyi namba isiyojulikana kuwa imejulikana.

Mdogo wangu, hili ni lako. Oktoba, jioni ya uchaguzi, wakishabandika fomu, nenda na simu. Upige picha ya kituo chetu na vya jirani, unitumie palepale. Nimeshanunua daftari na kulichora mistari: kituo, jina, kura, zilizoharibika. Nitakuwa macho usiku kucha.

Wenu,
Kaka yenu wa East Ham