*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: MSITU WA KIJIJI HAUJAFIWA*

Tunaomba taarifa hii isomwe hadi mwisho.

Tangu Dk. Jane Goodall afariki tarehe 1 Oktoba 2025, kuna maneno yanayozunguka kwenye mwalo wa Kibirizi, soko la Mwandiga na hata ndani ya vikao vyetu. Yanasema: Bibi wa sokwe ameondoka, hela za Wamarekani zimekatwa, kwa hiyo msitu sasa hauna mwenyewe. Wapo walioanza kunoa mapanga. Wapo waliokwisha kujigawia viwanja mlimani kwa maneno.

Kamati ya Tawi inajibu kwa kifupi: *maneno hayo ni ya uongo, na anayeyaeneza anatudharau sisi wenye msitu.*

Msitu wa hifadhi ya kijiji haujawahi kuwa wa Bibi wala wa shirika lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya 2002, inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kufaidika nao. Mwenye kauli ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Mama muuza mawese ana kauli. Kijana wa bodaboda ana kauli. Shirika halina kura pale.

Basi shirika lilifanya nini? Tuseme haki. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, ukianza na vijiji 12 kuzunguka Gombe, wakati vilima vya nje ya hifadhi vilikuwa vimekwisha kuwa vipara. Wananchi walipoulizwa shida zao, hawakutaja sokwe. Walitaja maji, zahanati, shule na mazao. Mradi ukalazimika kuanzia hapo. Baadaye zikaletwa picha za satelaiti, wazee wakaonyesha chemchemi na mipaka ya zamani, vijiji vikapanga matumizi bora ya ardhi: huku mashamba, huku makazi, huku msitu. Visiki vilivyoachwa bila moto vikachipua. Walinzi wa msitu, vijana wetu wenyewe, wakapewa simu za kurekodi mitego na miti iliyokatwa. Huo ulikuwa msaada mzuri, na tunaushukuru.

Lakini tuseme na upande wa pili. Tulizoea vibaya. Kikao cha msitu kisichokuwa na posho hakijai. Ripoti za misitu yetu zinasomwa na wafadhili kwa Kiingereza kabla hazijasomwa kijijini kwa Kiswahili. Mwenyekiti akiulizwa habari za doria, anajibu: waulizeni watu wa mradi. Tumemwachia mgeni funguo za ghala, sasa tunashangaa kwamba hatujui kilichomo.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliifunga USAID, na sote tulijifunza kwamba fedha ya mbali hukatika kwa saini moja. *Mradi una mwaka wa mwisho. Msitu hauna.*

Tunajua hoja ya vijana: familia zimekua, mashamba hayatoshi. Hoja hiyo ni ya kweli na haitajibiwa kwa mabango ya kutunza mazingira. Lakini kwenye mteremko huu, mkifyeka leo mtavuna mihogo misimu michache, kisha mvua inashusha udongo wote ziwani, kule kwenye mazalia ya samaki. Mlima unabaki mawe, chemchemi inakauka, na dada zetu wanaongeza mwendo wa kutafuta maji. Mpango wa matumizi ya ardhi si msahafu. Kama mipaka imebana, ipelekwe hoja mkutano mkuu, mpango upitiwe upya kwa utaratibu. Panga haliandiki muhtasari.

Na tukumbuke yaliyotupata ziwani. Tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa miezi mitatu. Samaki walikuwa wamepungua, agizo likatoka juu, na mvuvi wa dagaa akakaa nyumbani. Wenyewe wasipojiwekea amri ndogo mapema, huja amri kubwa ambayo haiwaulizi.

Wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, wana vijiji vinane vinavyouza hewa ukaa kutokana na misitu ya milima ya Ntakata. Fedha zinaingia serikali za vijiji, na zimejenga zahanati na madarasa. Siku mkataba wa namna hiyo ukiletwa kwetu, nani atausoma? Kijiji kisichojua mapato ya faini zake mwenyewe kitajuaje mgawo wa hewa ukaa?

Kwa hiyo Tawi linaagiza:

*1.* Kila mwanachama ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni kila miezi mitatu, posho iwepo isiwepo.

*2.* Tudai taarifa ya msitu isomwe hadharani: doria ngapi, faini kiasi gani, stakabadhi ziko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

*3.* Sehemu ya mapato ya kijiji itengwe kwa ajili ya walinzi wa msitu, hata kama ni kidogo, ili doria isife pamoja na mradi.

*4.* Mkataba wowote unaohusu msitu usomwe kwa Kiswahili, wote, kabla ya mhuri kugonga karatasi.

*5.* Kiongozi au mgombea wa chama hiki atakayeahidi mashamba ndani ya hifadhi ya kijiji ili apate kura, ataitwa mbele ya kikao cha maadili. Tunasema hivi kwa sababu wa kwetu pia wameahidi. Tumewasikia, na tulinyamaza. Tulikosea.

Shirika likibaki, likaribishwe kama mgeni anayeshika jembe pamoja nasi. Likiondoka, liagwe kwa heshima. Lakini asubuhi inayofuata, doria itoke.

Tukutane kwenye mkutano mkuu. Mtumie mwanachama mwenzako.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Kigoma.*