Kikao cha dakika 15 kiligeuka kiti moto

Mwandishi, makala yako imeeleza vizuri jinsi ya kuanzisha ajaili (agile, utaratibu wa kufanya kazi kwa hatua fupi), ila umeanza na zana ukawaacha watu nyuma. Kazini kwetu, kampuni ya programu ambayo sitaitaja, ajaili ililetwa Jumatatu asubuhi: ubao mweupe, vikaratasi vya njano, na amri ya kusimama kikaoni kila siku saa tatu. Dakika 15 tu, tukaambiwa. Bosi akasimama katikati na daftari lake. Kila mtu akawa anaripoti kwake, wala si kuongea na wenzake. Wiki ya pili dada mmoja wa kitengo cha majaribio akasema kazi yake imekwama. Akaulizwa mbele ya wote, "Imekwamaje, na mshahara unapokea?" Toka siku hiyo hakuna kazi iliyokwama tena. Kila kikaratasi kiliandikwa "inaendelea" mpaka siku ya kukabidhi. Mteja anafungua mfumo, haufunguki.

Wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 wakaandika ilani ya ajaili, walitanguliza watu na mawasiliano yao kuliko taratibu na zana. Sisi tulitanguliza vikaratasi (navyo viliisha gundi, feni ikawa inavipeperusha).

Bosi ndiye wa kuandaliwa kwanza, azoee kusikia "nimekwama" bila kununa. Mteja naye aambiwe mapema kwamba ataitwa kila wiki mbili kuona kazi. Tafadhali, makala ijayo waandikie mameneja. Sisi huku chini tulishakuwa tayari siku nyingi.