Shaba Inaibwa Kwenye Karatasi

Wandugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wote wakaaji wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi!

Mara nyingi mnaona kijana amekamatwa barabarani na kiroba cha mawe ya shaba begani. Anapigwa, anaandikwa, anafungwa. Watu wanasema, mwizi amekamatwa. Sisi tunauliza: kiroba kile kina kilo ngapi? Na yale malori yanayopanga mstari Kasumbalesa kungoja kuvuka, nani amepima yaliyomo ndani, na nani amesoma karatasi zake?

Hatusemi kijana yule afanye apendavyo. Tunasema kwamba wizi mkubwa unafanyika ndani ya biro, mchana, na mwizi amevaa tai.

Tueleze polepole, maana mambo haya hufichwa makusudi kwa maneno magumu.

Tuseme mtu ana shamba kubwa la mahindi, na chifu anadai sehemu ya kila kinachouzwa. Mtu yule anamuuzia ndugu yake mahindi yote, gunia zima kwa bei ya kopo moja. Chifu akija, anaonyeshwa daftari: tazama, baba, nimeuza kwa hasara mwaka huu. Lakini ndugu yule anaishi ng'ambo ya mto, chifu hafiki huko, naye anauza gunia kwa bei ya kweli. Usiku wanagawana. Basi, weka shaba mahali pa mahindi, weka Serkali mahali pa chifu, na yule ndugu wa ng'ambo mpe jina la kompani iliyoandikishwa katika kisiwa kidogo cha mbali, isiyo na shimo, isiyo na mfanyakazi hata mmoja, ina sanduku la barua tu. Hapo mmeelewa kazi yote.

Iko njia nyingine, na hii ninyi wa kiwandani mnaweza kuielewa kuliko waziri. Tangu sheria ya migodi ya mwaka 2018, Serkali inadai 3.5 kwa mia juu ya thamani ya shaba, lakini juu ya kobalti inadai 10 kwa mia. Basi mwenye kalamu mbaya akiandika kobalti kidogo kuliko iliyomo, au akipunguza uzito, faida yake ni kubwa na hakuna aliyetoka jasho. Njia ya tatu ni fakture: kompani mama ya Ulaya au ya Asia inaidai kompani mtoto ya hapa malipo ya shauri, ya mashine, ya mkopo wenye riba nzito, mpaka faida ya Kongo inakuwa sifuri. Lempo ya faida ya sifuri ni sifuri.

Si jambo jipya. Wazee wetu waliliona. Siku chache tu kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, sheria ya Wabelgiji iliziruhusu kompani kubwa za koloni kuhamia chini ya sheria ya Ubelgiji, na Union Minière ikafanya hivyo. Bendera tulipewa, daftari la hesabu likapanda ndege kwenda Brussels. Mwezi uliofuata Katanga ilipojitenga, lempo za kompani hiyo zikaenda kwa Tshombe, wala si kwa Serkali ya Lumumba. Mwanzo wa mwaka 1967 Mobutu alichukua migodi ikawa ya taifa, watu wakapiga makofi. Sote tunajua Gécamines ilivyokuja kuanguka.

Na wizi wa karatasi ukaendelea, safari hii mikono myeusi na myeupe pamoja. Tuseme wazi, maana wako wanaopenda kumlaumu mgeni peke yake. Mgeni hawezi kununua mali ya taifa kwa bei ya bure kama hakuna mwenyeji aliyetia sahihi.

Mwaka 2013 kundi la wakubwa wa Afrika chini ya Kofi Annan lilichunguza mauzo matano ya mali za migodi yetu, ya kati ya 2010 na 2012. Walihesabu kwamba Kongo ilipoteza dola milioni 1,360 hivi, kwa sababu mali iliuzwa chini ya bei yake kwa kompani za visiwani. Hesabu hiyo ni karibu mara mbili ya bajeti ya afya na ya shule, zote mbili, za mwaka 2012. Kompani zile zilikuwa na uhusiano na Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli. Marekani ilimwekea vikwazo mwezi wa 12 mwaka 2017. Yeye mwenyewe amekana kufanya kosa. Na Glencore, kompani kubwa ya Uswisi, mwezi wa 12 mwaka 2022 ilikubali kulipa Serkali yetu dola milioni 180 kwa ajili ya mashtaka ya rushwa ya miaka ya 2007 hadi 2018. Mama aliyejifungua sakafuni mwaka 2011 kwa kukosa kitanda, alipata nini katika milioni hizo?

Pesa ya wizi haikai mfukoni. Inaingia banki imejaa matope, inazungushwa katika majina matatu manne, inatoka safi: nyumba ya ghorofa, hoteli, shamba la ng'ombe. Ndiyo kusema, kufua pesa. Mwezi wa 10 mwaka 2022 GAFI, yaani kundi la nchi zinazopiga vita pesa chafu, iliiandika Kongo katika orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule tukapata sheria mpya juu ya pesa chafu. Sheria ni nzuri. Lakini nani ataitumikisha?

Wako makarani wawili wa banki moja ya Kinshasa, vijana wa hesabu, walioona pesa zinapita mahali pasipostahili. Waliwaambia wakubwa wao, kisha wakakimbilia Ulaya, wakatoa habari nje. Mwaka 2020 korti ya Kinshasa iliwahukumu kifo, wao wenyewe hawapo. Someni tena, wandugu. Kifo! Kwa waliotia sahihi mikataba ile ya 2010, kamba haikutafutwa.

Wanaotuambia kwamba kuhesabu hakuna faida wanadanganya. Mwaka 2022 Gécamines ilidai kwamba akiba ya madini ya Tenke Fungurume haikutangazwa yote, shaba ya kule ikazuiwa isitoke nje. Mwaka 2023 Wachina wa CMOC walikubali kuilipa Gécamines dola milioni 800 kwa miaka kadhaa. Tutaangalia pesa ile inaingia wapi, kwa kuwa Gécamines nayo si malaika.

Sasa kazi yetu. Ile sheria ya 2018 inagawa lempo ya madini hivi: 50 kwa mia kwa Serkali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta au shefri ambamo mgodi uko. Hiyo 15 ni ya kwenu. Inalipwa kwenu, haipiti Kinshasa. Inatosha kujenga madarasa na kuchimba visima.

Kwa hiyo, sendika iombe kompani iwaonyeshe tani zilizotoka na bei iliyoandikwa. Na ninyi wa mji, nendeni biro ya komini si mtu mmoja, watu ishirini, na heshima, bila matusi wala mawe. Muulizeni burgumestri: mwaka uliopita umepokea kiasi gani cha ile 15 kwa mia, kutoka kompani ipi, na kimetumika wapi? Akijibu, tuleteeni jibu lake pamoja na tarakimu, tutalichapisha hapa. Akikataa, tuleteeni siku na saa aliyokataa.