Pesa ya dizeli irudi mtoni

Kila lori la pamba au ng'ombe linalotoka Nyamuswa kwenda Bunda au Musoma hulipia maji njiani. Katika bei ya kila lita ya petroli na dizeli, Sh. 50 ni za Mfuko wa Taifa wa Maji. Wafanyabiashara wamezilipa miaka mingi bila kelele. Wana haki ya kuuliza zinarudi vipi.

Sheria ya maji ya mwaka 2019 inautaka Mfuko huo kugharimia mambo mawili: huduma ya maji kwa wananchi, na utunzaji wa maeneo ya vyanzo yanayoilisha huduma hiyo. La kwanza lina mabomba, matangi na sherehe ya uzinduzi. La pili halina utepe wa kukata, na ndiyo maana hukosa mtetezi bajeti inapogawanywa.

Hasara yake huonekana sokoni. Kilima kikibaki kipara, mvua hushuka kwa kishindo, huzoa udongo wa shamba na kuujaza lambo. Kiangazi kikiingia, mto ni mchanga mtupu. Ng'ombe hutembezwa mbali, hukonda, na mnadani bei huanguka. Mkulima asiyevuna hanunui khanga wala sabuni. Duka nalo hulala.

Somo la Machi 2022 halijasahaulika. Maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa, na Serikali ikasimamisha kwa muda uvuvi na matumizi ya maji hayo. Kamati ya Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, wengi wakabisha. Vyovyote iwavyo, mto ukiugua soko halingoji ripoti.

Mto Mara huanzia Msitu wa Mau, na karibu theluthi mbili ya bonde lake iko Kenya. Huko mazungumzo ya nchi mbili hayakwepeki. Lakini Mto Suguti na vijito vya Bunda na Butiama viko ndani ya Tanzania. Kuvitengeneza hakuhitaji saini ya Nairobi.

Wapo wanaosema fedha za miti huliwa na miche hukauka. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake wafanyabiashara wanaijua: mzigo ulipwe ukifika. Jumuiya za watumia maji, zinazotambuliwa na sheria ya mwaka 2009, zipewe malipo ya awali kidogo, na salio kwa miche iliyo hai baada ya masika mbili. Hesabu zibandikwe ofisi ya kijiji, kila mtu azisome.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kumfukuza hapo mwenye bustani au mfugaji bila kumpa pa kwenda ni kuhamisha tatizo, kwani usiku atarudi. Fedha za kwanza zijenge mabirika ya kunyweshea mbali na kingo, miti ifuate.

Madiwani hupitisha bajeti kila mwaka. Wenye maduka, malori na mifugo wawaulize mapema: katika fedha za maji zinazoshuka wilayani, ni shilingi ngapi zinapanda mlimani?