Mama aliyefunga mizigo
KANDO YA ZIWA, na Bahati Nkwabi

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofariki dunia Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91, kila mtu aliitaja Gombe, kule Kigoma. Ni haki yake. Ila watu wa Kanda ya Ziwa tuna letu la kusema. Mwaka 1960 safari yake ya Kigoma ilikwamishwa na ugomvi wa wavuvi kule, mwanasayansi aliyemtuma, Louis Leakey, akampeleka kwanza kisiwa cha Lolui, humu humu Ziwa Victoria upande wa Uganda, akawachunguze tumbili. Hapo ndipo alipojizoeza kukaa kimya, kutazama na kuandika. Julai 14 akatia mguu Gombe.

Alikuwa na miaka 26, hana shahada. Alisomea ukarani, na nauli ya meli ya kuja Kenya aliidunduliza kwa kuhudumia wateja mezani.

Mimi lakini namfikiria zaidi mama yake. Wakoloni walikataa katakata binti akae porini peke yake. Vanne Goodall akafunga mizigo. Alikuwa naye Lolui, akawa naye Gombe miezi ya mwanzo, akiwagawia wavuvi dawa huku mwanawe akipanda milima kuwatafuta sokwe.

Binti wa Kirumba akisema anataka kuwa mhifadhi, nyumbani anajibiwa: “Huko porini utaolewa na nani?” Tunacheka, naye ananyamaza. Ilhali Chuo cha Wanyamapori Pasiansi kiko hapa hapa Mwanza mjini, daladala za Airport zinakipita kutwa.

Hofu ya kumwachia mtoto azurure kando ya ziwa nayo naielewa. Mamba wapo, kichocho kipo. Basi kuna kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, boti dakika chache tu. Sisi huenda sikukuu, tukapiga picha, tukala, tukarudi. Pimbi wamejaa kwenye miamba ile wakiota jua. Mtoto akitulia nusu saa bila simu, ataona mmoja hasinzii: anaangaza huku na huku, na akiona hatari hupiga ukelele, wote wakatokomea kwenye nyufa. Nani kampa zamu? Swali kama hilo linaweza kumfikisha mtu chuo kikuu.

Mzazi mwenzangu, likizo hii mpeleke binti yako Saanane siku isiyo na muziki. Mnunulie daftari, na usiwe wa kwanza kusema turudi.